Jiandae Kuitikia

Mwaka 2019, siku ya mahafali ya kidato cha nne, wanafunzi wangu walicheza tamthiliya ya Kinjeketile mbele ya wazazi. Mazoezi yalikuwa yametuchukua miezi miwili. Mto Rufiji tuliutengeneza kwa mashuka ya buluu ya bwenini, wasichana wanne wakashika ncha na kuyatikisa taratibu, na kijana aliyeigiza Kinjeketile akazama chini yake kama mtu anayevutwa miguu. Hapo kicheko kikaanza. Kilianzia kwa kina mama waliokaa chini ya turubai, kikapita kwa vijana waliosimama nyuma, kikafika mpaka meza ya wageni rasmi. Kijana alipoibuka kutoka mtoni akiwa mkavu, wazee wawili walianza kubishana kwa Kiiraqw kama yule ni mganga au ni mgonjwa. Na tulipofika mahali ambapo tamthiliya nzima inaelekea, pale Kinjeketile anapopigwa na bado anakataa kusema kwamba maji yake ya dawa yalikuwa uongo, nusu ya watu walikuwa wameshasimama. Harufu ya pilau ilikuwa imefika kabla ya neno lake la mwisho.

Niliumia. Yule kijana aliniuliza, jasho likimtoka na mashuka yakiwa bado yametandazwa vumbini, “Mwalimu, nimekosea wapi?” Sikuwa na jibu. Moyoni nilikuwa nimeshatoa hukumu: watu wetu hawajui kutazama tamthiliya.

Jioni nilipita kwa mzee mmoja, jirani wa familia yetu, ambaye tangu utoto namwita Aako, kama sisi Wairaqw tunavyowaita babu na wazee wa rika lao. Nilimlalamikia kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea fimbo yake, kisha akasema: “Mwanangu, leo mmetuletea slufay bila kutufundisha kuitikia. Ulitaka tufanye nini kama si kucheka?”

Kwa msomaji asiyeijua, slufay ni sala ya baraka ya Wairaqw. Mzee mwenye ulimi huisema kwa mafungu, akiomba mvua, uzazi, mifugo, amani na majirani, na kila fungu likiisha watu wote huitikia kwa pamoja. Hakuna slufay ya mtu mmoja. Mwitikiaji anajua lini aingie, sauti yake iwe na uzito gani, na kwa nini fungu fulani linamhusu yeye na nyumba yake. Amejifunza hayo tangu akiwa mtoto, akiwa amekaa miguuni pa wakubwa. Kwa hiyo anapofika pale, ameshaandaliwa na miaka mingi.

Nililala nikifikiria neno hilo la Aako. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, nami nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilijua Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, nilijua Rufiji iko wapi, nilijua maji ya dawa ya Kinjeketile kule Ngarambe yaliwaunganisha watu waliokuwa wametengana. Wanafunzi nao walijua, maana niliwafundisha. Lakini mama aliyetembea na mtoto mgongoni kuja kumwona mwanawe akihitimu, nani alimwambia chochote? Vita vile havikufika huku kwetu Hanang. Kwake lile lilikuwa shuka la bwenini na kijana anayejitupa chini yake. Alicheka kwa haki yake. Wa kulaumiwa ni mimi niliyemwita kwenye wimbo bila kumpa kiitikio.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja, nalo ndilo ninaloandikia: mtazamaji naye huandaliwa, na mahali pa kumwandalia ni maktaba.

Nikisema maktaba, msomaji wa mjini asifikirie jengo kama Maktaba Kuu ya Taifa, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Gehandu, kwetu wilayani Hanang, ni kata ya wakulima na wafugaji. Zamani Hanang ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, na hadi leo watu wa pande zote mbili ni ndugu. Nusu ya wajomba zangu wako Mbulu. Kwetu maktaba ilikuwa chumba cha shule kilichowahi kuwa stoo ya majembe. Makabati mawili, benchi sita, dirisha linaloutazama Mlima Hanang, na daftari la kuazima lenye jalada lililoliwa na mchwa. Vitabu vingi vilikuwa vya kiada. Ufunguo nilikabidhiwa mimi kwa sababu nafundisha Kiswahili.

Nikipanga kabati la pili nilikuta, chini kabisa, kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya. Kilikuwa cha mwaka 1973, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Nilimpelekea Aako, akakishika kwa mikono miwili. Aliikumbuka kampeni ile. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, kiongozi wa kikundi akawasomea kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili, baadhi yao wakiwa wamejifunza kusoma juzijuzi. “Hatukuambiwa tu chimbeni,” Aako alisema. “Kwanza tulikaa.”

Kwanza tulikaa. Niliandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari la kuazima.

Nafasi ya kuyajaribu ilipatikana mwaka 2022. Nchi ilikuwa inajiandaa kwa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, na kila redio ilikuwa inasema “Jiandae kuhesabiwa.” Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wanasoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, habari za Ngoswe, kijana wa serikali anayetumwa kijijini kuhesabu watu, akafikia kwa balozi Mitomingi, akampenda binti yake Mazoea, na kazi ya taifa ikaharibika mikononi mwake. Tamthiliya ile ilitoka mwaka 1988, mwaka wa sensa pia. Wanafunzi waliomba kuicheza kwa wazazi. Nilikubali kwa sharti moja: kabla ya mchezo, tutawaita watu maktabani Jumamosi tatu.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu kumi na tisa. Wengine walidhani ni kikao cha michango, wakakaa karibu na mlango. Juu ya meza tuliweka vitu vitatu: nakala ya tamthiliya, daftari lenye mistari na safu zilizochorwa kwa rula, na kalamu ya wino. Msichana atakayeigiza Mazoea alisoma kurasa za mwanzo kwa sauti, polepole, akisimama kila alipoona uso umekunjamana. Baada ya kurasa chache nilimwomba afunge kitabu. Baba mmoja akauliza, “Sasa huyo Ngoswe inakuwaje?” Nikamwambia, “Mzee wangu, hilo utalijua uwanjani.” Alikasirika kidogo. Lakini wiki iliyofuata alirudi, na mkewe.

Hapo nilijifunza jambo la kwanza. Zamani nilidhani kumwandaa mtazamaji ni kumsimulia kisa na kumpa funzo lake mkononi, kama tunavyofanya darasani kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, mandhari. Ukimpa yote hayo, umemmalizia safari. Atakuja uwanjani kuhakiki tu kama ulimwambia kweli. Lakini ukimpa mlango na swali, atakuja na njaa.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyobeba zote. Tulimwalika mzee aliyekuwa karani wa sensa mwaka 1988. Alifika na shati lililopigwa pasi, akakataa kiti, akasimama kama mtu anayetoa ushahidi. Alitueleza alivyotembea kutoka boma hadi boma, begi la karatasi likiwa limefungwa kwa nailoni kuzuia mvua. Alieleza alivyokataliwa na mzee mmoja aliyemwambia kwamba watoto wa mtu hawahesabiwi kwa kidole, wala ng'ombe wake. Akakaa naye mpaka jua likazama, wakizungumza mambo mengine, na mwisho mzee yule akawaita watoto mmojammoja na kuwataja kwa majina bila kuwahesabu. Karani akaandika majina. Hesabu ilijifanya yenyewe.

Kisha akalivuta lile daftari lililokuwa mezani, akaomba kalamu. “Mama, wewe unaitwa nani?” Mama akajibu. “Mnalala wangapi kwako?” Akaandika. Akamgeukia wa pili, wa tatu, mpaka ukurasa ukajaa. Alipomaliza aliliinua daftari juu, mkono wake ukitetemeka kwa umri, akasema, “Hii ndiyo karatasi ya sensa. Ikipotea, ninyi hamkuwapo.”

Chumba kizima kilinyamaza. Nje nilisikia madumu yakigongana mgongoni mwa punda aliyekuwa akipita kwenda kisimani.

Jumamosi ya tatu waigizaji walikuja bila maleba. Walicheza tukio moja dogo mara mbili, la Mazoea na Ngoswe wakizungumza. Mara ya kwanza binti aliinamisha macho muda wote; mara ya pili alimtazama kijana usoni. Maneno yalikuwa yaleyale. Tukawauliza watu: kimebadilika nini? Wakabishana kwa saa nzima. Kina mama walisema wa kwanza amelazimishwa na wa pili ameamua. Baba mmoja alisema wote wawili wameamua, ila wa kwanza anajua kuficha. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kuhusu uigizaji, lakini pale walijifunza kwamba jicho la mwigizaji nalo lina maneno yake. Na waigizaji nao walijifunza, maana walisikia kwa masikio yao watu wanaona nini.

Siku ya mchezo tulikuwa na uwanja uleule, turubai lilelile, hata sufuria zilezile za pilau. Watu walikaa. Walicheka palipochekesha, na Ngoswe alipoanza kuisahau kazi yake walianza kuguna. Tukafika usiku ule ambao baba wa binti, kwa hasira ya kuibiwa mwanawe, anazikusanya karatasi za sensa na kuzitia moto. Tulitumia karatasi kweli na moto kweli, na ndoo ya mchanga pembeni. Ulimi wa moto ulipopanda, mama mmoja, yuleyule wa kwanza kuandikwa jina Jumamosi ya pili, aliinuka na kupaza sauti:

“Majina yetu!”

Uwanja mzima uliitikia. Si kwa neno moja. Kila mtu na lake, lakini kwa pumzi moja, jinsi watu wanavyoitikia slufay. Nilimtazama Aako kwenye benchi la wazee. Alikuwa ameinua fimbo yake kidogo kutoka ardhini.

Katika kitabu zile ni karatasi za Ngoswe, za serikali. Mama yule alizifanya zake, na nadhani alimwelewa Semzaba kuliko nilivyomwelewa mimi kwa miaka yote ya kumfundisha: kwamba uzembe wa mtumishi mmoja huwafuta watu walio hai. Sisi hatukumpa tafsiri hiyo. Tulimpa daftari, kalamu, na mzee aliyekuwapo.

Baada ya hapo nilirudi kwenye vitabu kutafuta wengine waliopita njia hii, nikakumbuka Kamiriithu. Mwaka 1977, katika kituo cha jamii kule Limuru, Kenya, palipokuwa na madarasa ya kisomo cha watu wazima, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Rasimu ilisomwa na kujadiliwa na wanakijiji, wakasahihisha lugha, wakaongeza nyimbo na mambo ya maisha yao wenyewe. Jukwaa walilijenga kwa mikono yao, na mazoezi yalifanyika hadharani. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba, watazamaji wengi walikuwa wameshakaa nao kwa miezi kadhaa. Serikali iliupiga marufuku mwezi Novemba, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Nalitaja hili ili tuelewe uzito wa kazi hii: hadhira iliyoandaliwa ni nguvu. Watu waliozoea kuulizwa “kimebadilika nini?” mbele ya mchezo huendelea kuuliza hata baada ya mchezo kwisha.

Sensa ilipopita, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Changu kiko maktabani, ndani ya kabati pamoja na kile kijitabu cha mwaka 1973. Wanafunzi hupenda kuuliza kama Mitomingi angeweza kukichoma. Mimi huwarudishia swali.

Nilidhani basi nimeshaijua kazi hii. Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 2023.

Ilikuwa Jumapili. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na asubuhi na mapema sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwenye mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Jorodom na Gendabi vikiwamo. Walikufa watu zaidi ya 80. Karibu kila familia ninayoijua ilikuwa na mtu kule: dada aliyeolewa, mtoto aliyepanga chumba, mteja wa siku ya mnada. Kwa wiki nyingi hatukulifungua dirisha la maktaba linaloutazama mlima.

Mwaka uliofuata wanafunzi waliniletea mchezo walioutunga wenyewe kuhusu asubuhi ile. Ulikuwa mfupi na wa kweli. Mwanzoni, gizani, ngoma kubwa inapigwa kwa mkono mmoja, taratibu, kisha kwa kasi, mpaka inakuwa ngurumo. Ndivyo walivyouleta mlima jukwaani. Tukaitisha Jumamosi za maktaba kama kawaida, nami nikaanza na kanuni yangu ya kuficha mwisho. Mama mmoja aliyempoteza mwanawe Katesh akanyoosha mkono. “Mwalimu,” alisema, “Ngoswe mlitunyima mwisho, tukavumilia. Hili usitufiche. Niambie kila kitu kitakachotokea, na kitatokea lini.”

Nikaelewa kwamba nilichokiita kanuni kilikuwa kimeifaa hadhira moja tu. Mtu anayekuja na shauku, mwachie swali. Mtu anayekuja na jeraha, mpe ramani. Tuliusimulia mchezo wote, tukio kwa tukio. Kwa kuwa safari hii tungechezea ndani, tuliwaonyesha taa itazimwa lini na itawashwa lini. Tuliwaambia kwamba mlango wa kutokea utakuwa wazi, kwamba benchi la mlangoni ni la yeyote atakayetaka kuondoka, na kwamba kuondoka si kosa wala si dharau kwa watoto. Kisha mama yule akaomba aisikie ngoma.

Tukaileta. Kijana akaipiga kidogo, kwa woga. Mama akasema, “Lete.” Akaiweka magotini, akagusa ngozi kwa kiganja, akaipiga mara moja. Akakaa kimya. Akaipiga tena, mara ya tatu, ya nne, akaongeza kasi mpaka ikanguruma na vioo vya kabati vikatetema. Alipoacha alikuwa anahema. “Sawa,” alisema. “Sasa najua sauti yake. Siku hiyo nitakaa nje, dirishani.”

Na ndivyo alivyofanya. Siku ya mchezo alisimama nje ya dirisha, kitenge kimezunguka mabega, akatazama kutoka kule mwanzo hadi mwisho. Mchezo ulipokwisha Aako alisimama na kusema slufay, akiwataja waliolala Katesh na waliobaki, na sisi tukaitikia. Sauti ya mama yule niliisikia ikitoka nje, ikiwahi ya kwetu kwa nukta moja.

Wenzangu walimu na wakutubi, mnaoshika funguo za vyumba kama changu: hatuhitaji fedha nyingi kwa kazi hii. Tamthiliya ikipangwa shuleni, kanisani, msikitini au kwenye uwanja wa kijiji, anzeni wiki tatu kabla. Leteni kitu kimoja kinachoshikika. Mtafuteni mtu mmoja aliyeyaishi yaliyomo, mwacheni aseme kwa namna yake. Waleteni waigizaji bila maleba. Kabla ya yote hayo, ulizeni nani anakuja na anakuja na nini moyoni, kwa maana hapo ndipo mtakapojua la kuficha na la kufichua. Watu wetu wanatudai heshima hiyo. Tunapojaza kabati vitabu na kuacha benchi tupu, tunatunza nusu ya mali.

Mwezi uliopita tulitangaza mchezo mwingine. Jumamosi ya kwanza nilifika mapema kufungua, nikamkuta mama yule wa ngoma ameshafika, amekaa kizingitini, daftari la mtoto wake mdogo mkononi. Alinisaidia kufungua dirisha la upande wa mlima. Kisha akaketi kwenye benchi la mbele, akauliza:

“Mwalimu, safari hii kuna sauti gani?”